Ovaroli za Benchi

"Watu wamejaa kwenye benchi mpaka wengine wamekalia ndoo, halafu mimi nibebe mfuko wangu mwenyewe kama punda wa kukodi?"

Msimamizi wa wabeba mifuko hakuinua macho kutoka kwenye chai yake. "Nimewauliza, binti. Hakuna anayetaka."

"Umewauliza au umewaambia?"

"Nimewauliza. Nikiwaambia wataugua wote."

"Haya ni mashindano, mzee! Kila mchezaji ana mtu wake. Yule wa shati la zambarau ana wawili, mmoja wa mfuko, mmoja wa mwavuli."

"Basi kamwazime wa mwavuli."

Mtu mmoja kwenye benchi alichekea puani, kisha akakohoa ili ionekane ni kifua. Binti, ambaye pale wote walimwita Rangi Mbili, alikijua kikohozi kile. Kilikuwa cha Chiriku, mbebaji mwenzake wa zamani, na kilimuuma kuliko maneno ya msimamizi. Akajitwika mfuko wake, akaondoka bila kuaga.

Asiyeujua mchezo wa gofu atasema, si mfuko tu, abebe. Lakini mbeba mfuko si hamali. Katika uwanja wote ule, ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kumshauri mchezaji: piga huku, punguza nguvu, ngoja upepo. Hata mama mzazi akichomoza kichakani akamwambia mwanawe lenga kulia, ni kosa. Kwa hiyo anayecheza bila mbebaji anacheza na kichwa chake tu, na kichwa kikikaa peke yake mchana kutwa huanza kusema upuuzi.

Rangi Mbili aliletwa pale na shangazi yake, aliyekuwa mpishi katika jiko la klabu. Msichana alikuwa amemaliza shule na hana mbele wala nyuma. "Kaa kwenye benchi," shangazi alimwambia. "Ukipata mfuko, beba. Usipopata, nyumbani vyombo havijaoshwa." Siku za Jumatatu wanachama hawaji, na wabebaji huruhusiwa kucheza kwa fimbo zilizotupwa. Chiriku, mwanamke ambaye ulimi wake haujui likizo, ndiye aliyemfundisha. "Piga mara moja, mwanangu. Huo mpira si nyoka." Msichana akapiga mara moja. Mpira ukaenda mpaka benchi zima likasimama, na aliyekuwa anatafuna akasahau kutafuna.

Jina alipewa na hao hao. Mchezaji huvaa glavu mkono mmoja, basi mkono wake wa kushoto ukabaki na rangi aliyozaliwa nayo, wa kulia ukaungua jua. Mpaka leo wauzaji wa madukani humuuliza kama alimwagikiwa maji ya moto.

Akafuzu kuwa mchezaji wa kulipwa, mwanamke peke yake katika kundi lake, na hapo ndipo alipojuana na ukimya. Wanaume aliocheza nao hawakuwa wabaya. Walimsalimia asubuhi, wakampongeza akipiga vizuri, kisha wakaendelea na mazungumzo yao mbele yake kama watu wanavyoongea mbele ya kabati. Jioni alirudi kwenye chumba cha wageni, akalaza kikombe sakafuni na kusukumia mipira. Sakafu za vyumba vya bei nafuu zimeinama zote; mipira iliishia chini ya kitanda, naye akaishia kuichokoa kwa ufagio. Mama yake alipiga simu.

"Umeshinda?"

"Nimekuwa wa sita, mama."

"Wa sita ni mzuri?"

"Si mbaya."

"Umekula?"

"Nimekula."

Kisha mama akasema salio linaisha.

Angalau pale uwanja wa nyumbani angekuwa na watu. Wapi! Baraza la mbele ni la wanachama, na hakuna aliyewahi kumvutia kiti. Akisogea kwenye benchi, maongezi yanakauka.

Sababu aliijua. Benchi lina desturi yake. Anayeondoka moja kwa moja, siku ya mwisho hufua ovaroli za wenzake wote kwa mikono yake, wao wakimzunguka na kumtania, kisha anakwenda zake na baraka. Hata yule aliyepata kazi ya upolisi alifua akiwa na sare mpya, mapovu mpaka kwenye kiwiko. Rangi Mbili siku aliyofuzu alichukuliwa na gari kwenda mashindano mji mwingine. Nitafua nikirudi, alijiambia. Aliporudi alikuwa na mfuko mpya na viatu vyeupe, akaona haya. Haya ikikaa sana bila kushughulikiwa, watu huiona maringo. Akatuma kreti za soda. Zilirudi na chupa zimejaa, na ujumbe wa Chiriku juu yake: "Mwambieni hatuna kiu. Tuna uchafu."

Siku ya kwanza ya mashindano alicheza hivyo hivyo, mfuko begani. Kwenye majani mafupi ya shimo la karibu na bwawa aligeuka kuuliza, "Mteremko huu unashukia wapi?" Nyuma yake kulikuwa na mfuko tu, umelala chali. Akabahatisha. Mpira ukapita pembeni ya shimo na kuendelea na safari zake. Matokeo yalipobandikwa, jina lake lilikuwa pale pale kwenye mstari: watakaomaliza juu yake watapata nafasi ya kucheza msimu mzima, wa chini watarudi makwao. Ilibaki siku moja.

Akavua glavu, akaenda nyuma ya banda kwenye pipa la ovaroli chafu. Hakuomba ruhusa. Akafungua bomba, akapiga magoti na viatu vyake vyeupe.

Hakuna aliyemzunguka. Hakuna aliyemtania. Chiriku alipita na kuuambia ukuta, "Kola. Uchafu wa shingo unakaa kwenye kola." Akaenda zake. Mmoja mmoja wakaondoka, naye akabaki na sabuni. Alitegemea angalau tusi. Alipomaliza kuanika, vidole vimekunjamana, uwanja ulikuwa mtupu, akarudi kwa shangazi yake akijibu maswali kwa kichwa.

Kitu kimoja hakukifanya: hakutazama mawingu. Alfajiri ikanyesha manyunyu. Na bila ovaroli mbebaji haingii uwanjani.

"Rangi Mbili! Umetufulia au umetuzamisha?"

"Nikipata kichomi, wanangu wanakuja kula kwako!"

"Jamani, yangu ina chura!"

Benchi zima lilivaa nguo zinazochuruzika huku likipiga mayowe. Yeye amesimama na mfuko wake, anatukanwa kila upande, na jina lake linatajwa na kila mdomo. Akainamisha uso, wasione kwamba anacheka na kulia kwa pamoja.

Chiriku akaja akikamua mkono wa ovaroli, akashika mkanda wa mfuko. "Lete."

"Dada, naomba nikueleze—"

"Unieleze nini? Mawingu yenyewe huyajui. Upepo unatoka kushoto. Twende."

Walitembea mchana kutwa, Chiriku akinung'unika kuhusu mgongo wake uliolowa na katikati ya manung'uniko akisema lenga kwenye ule mti mkavu, usiuamini mteremko huo, sasa piga. Kwenye shimo la mwisho alinyamaza kabisa. Rangi Mbili akausukuma mpira, ukazunguka ukingo, ukatumbukia. Walipokwenda kutazama ubao, jina lake lilikuwa juu ya mstari, la mwisho juu ya mstari, lakini juu.

"Njoo nami huko kwenye msimu," alisema.

"Na watoto nimwachie nani, kuku?" Chiriku alimrudishia mfuko. Ovaroli sasa ilikuwa imemkaukia mwilini. "Sikiliza. Kufua umelipa, benchi limekubali. Kuanika kwenye mvua, hilo ni deni jingine."

"Nitakulipa, dada."

"Utalipa lini, na kesho unaondoka? Limesamehewa."

"Liache," Rangi Mbili alisema. "Niwe nalo, linirudishe hapa."

Chiriku alimtazama, akatazama ile mikono ya rangi mbili, akasonya. "Nimesema limesamehewa. Nenda, gari litakuacha."