Mlio wa Baba kwenye Injini ya Okello

Siku ile sebuleni kwetu, katika nyumba za reli za Nsambya, tulikuwa watu sita. Nilikuwepo mimi, Rehema, mtoto wa kwanza, mwenye miaka kumi na mitatu. Alikuwepo mdogo wangu Ramadhani, wa miaka tisa, na kitinda mimba wetu Zubeda, wa mitano. Alikuwepo shangazi Hadija, dada yake baba, aliyetoka Bombo na begi tupu la kutosha nguo za mtoto mmoja. Alikuwepo Okello, aliyekuwa fayamani wa baba, yaani mtu wa kutunza moto wa injini, na ambaye baada ya baba kufa alipandishwa cheo akawa dereva wa injini ile ile. Wa sita alikuwa karani wa nyumba za reli, mtu mnene mpole aliyekaa ukingoni mwa kiti na faili mapajani. Chumba kilinuka mafuta mazito ya injini, kwa sababu Okello alikuwa ametoka kazini moja kwa moja na hakuwa amepata nafasi ya kuoga. Nawataja wote kwa sababu kwa miaka mingi nimejisimulia kisa hiki kana kwamba tulikuwa wawili tu, mimi na Okello. Hatukuwa wawili. Nilichokisema walikisikia wote.

Injini yenyewe lazima niieleze, maana vijana wa leo hawajaiona. Ilikuwa ndefu kuliko nyumba nne za reli zikipangwa mstari mmoja, nyekundu kama damu ya mzee, ina magurudumu yake mbele na magurudumu yake nyuma, na boila limening'inia katikati kama mzigo uliobebwa na watu wawili kwa mti. Kwenye kona haikukakamaa, ilijikunja. Aina ile ililetwa kutoka Ulaya katika miaka ya hamsini, wakati treni za dizeli zilikuwa tayari zinazungumzwa, kwa hiyo hizi zilikuwa karibu za mwisho za mvuke, na baba alisema ndiyo sababu zilikuwa bora: waliozitengeneza walikuwa wamekwisha kosea makosa yote. Kila moja ilipewa jina la gavana. Uhuru ulipokuja, vibao vya magavana viling'olewa, yakabaki matundu ya skrubu ubavuni. Baba aliyaziba matundu ya injini yake kwa vichwa vya skrubu vya shaba, akavisugua kila safari mpaka vikang'aa kama vifungo vya kanzu. Nilipomuuliza kwa nini asiandike jina jipya, alisema jina la serikali huondoka na serikali. Yeye na Okello waliiita Halima, jina la mama yetu, aliyefariki Zubeda alipozaliwa. Hawakuliandika popote.

Siku zile injini ilikuwa na watu wake. Haikuchukuliwa na yeyote aliyefika kazini mapema, bali ilikabidhiwa dereva na fayamani wake, nao waliipaka mafuta, waliisugua na kuigombania kama watu wanavyogombania shamba. Kila dereva alikuwa na mlio wake wa honi. Mvuke wa honi ungeweza kuvutwa polepole au kukatwa ghafla, na mkono wa mtu ulisikika ndani yake kama sauti yake ya kuzungumza. Baba alipoileta treni ya barua kutoka Tororo, akifika kona ya Nakawa alivuta mlio mrefu, mifupi miwili, kisha mwingine mrefu ulioshuka taratibu kama mtu anayekaa chini baada ya kuchoka. Nikiusikia nilibandika maji ya kuoga. Majirani nao walijua: mama fulani husonga ugali kwa mlio huu, mama fulani huficha wageni wake kwa mlio ule. Kuiga mlio wa dereva mwingine lilikuwa jambo lisilofanywa. Ilikuwa kama kuingia kwenye nyumba ya mtu na kuvaa viatu vyake.

Baba alifariki njiani. Tuliambiwa kwamba kwenye kituo kidogo baada ya Iganga alishuka kukagua magurudumu, akakaa chini kwenye kokoto, na hakusimama tena. Moyo, walisema. Aliyekuwa naye ni Okello peke yake. Treni ilimleta Kampala asubuhi, kimya, bila honi, na maji yangu hayakubandikwa.

Mtu aliyekua Kampala miaka ile ataelewa ninachosema nikisema kwamba tulifundishwa kushuku kama wengine wanavyofundishwa kuswali. Wanajeshi walitawala, watu walitoka kununua chumvi wasirudi, na sisi watoto tulijua kutotaja nani amekuja nyumbani wala ameondoka saa ngapi. Kwa hiyo majirani walipoanza kusema chini chini mferejini kwamba ajabu, dereva amekufa na aliyekuwa naye ndiye amepata kiti chake, mimi sikuhitaji kusukumwa. Nilianza kukusanya. Okello hakunitazama usoni siku ya mazishi. Okello alikuwa na saa ya mfukoni ya baba. Sikujua kwamba ni saa ya reli, na kila dereva hukabidhiwa. Kisha, wiki tatu baada ya mazishi, nikiwa nakanda unga, nilisikia kutoka kona ya Nakawa mlio mrefu, mifupi miwili, na ule mrefu unaoshuka. Mikono yangu ilikwenda yenyewe kwenye sufuria ya maji. Zubeda alikimbia mlangoni akicheka. Mimi nilimwaga yale maji uani, nikasema moyoni: mwizi.

Nilikuwa nimeacha shule muhula ule, darasa la sita, nikawa nauza mandazi asubuhi karibu na stesheni na jioni nasuka makawa ya ukindu ya kufunikia chakula, kazi niliyofundishwa na mama. Okello alikuja kila alipotoka safari. Alileta sukari na sabuni, vitu ambavyo wakati ule havikuonekana dukani, na hilo pia nililiweka kwenye hesabu ya shaka: mtu mwema anapata wapi sukari? Sikuwapa wadogo zangu papo hapo. Nilikula kwanza mimi kijiko kizima asubuhi, nikangoja mpaka adhuhuri nione kama nitaumwa, ndipo nikawatilia kwenye chai. Nilifanya hivyo kila mfuko mpya. Tangu utoto tulimwita Okello baba mdogo, kama ilivyo adabu kwa rafiki wa baba. Mimi nikaacha.

"Bwana Okello, karibu," nilimwambia siku moja.

Aliniangalia, akavua kofia. "Leo mimi iko Bwana? Kale, sawa, basi lete kiti ya bwana, hii ya kwenu ina miguu tatu."

Ramadhani alicheka mpaka akapaliwa. Nilimkanyaga kidole.

Kilichonimaliza ni karatasi. Okello alisahau koti lake kwetu, nami nililipekua, sikatai. Ndani kulikuwa na barua ya ofisi ya nyumba. Kiingereza changu cha darasa la sita kilinitosha: nyumba yetu, namba yetu, na mbele yake jina la Okello. Tarehe ilikuwa ya wiki moja baada ya mazishi. Nilikaa chini sakafuni na ile barua. Alichukua kiti cha baba, saa ya baba, mlio wa baba, na sasa nyumba. Mimi nilikuwa nimemwahidi baba jambo moja tu, tena kaburini, wakati hawezi tena kunikatalia: kwamba sisi watatu hatutalala chini ya mapaa tofauti. Shangazi Hadija alikuwa amekwisha sema atamchukua Zubeda. Mjomba wa Arua alimtaka Ramadhani. Nilichokuwa nacho cha kuwazuia ni ile nyumba.

Basi ikafika siku ya watu sita. Karani wa nyumba alikuja kukagua nani anakaa wapi, kwa kuwa madereva walikuwa wengi na nyumba chache, na wapo waliokuwa wamelalamika. Sheria ya reli ilikuwa moja: nyumba ya dereva ni ya dereva anayelala ndani yake, asipolala humo anapewa mwingine, na aliyedanganya anaadhibiwa. Shangazi naye alikuwa amefika asubuhi ile. Karani alitutazama sote, akaangalia mikeka yetu mitatu iliyokunjwa pembeni, akaangalia kofia ya Okello mikononi mwake. Nadhani alikuwa amekwisha elewa kila kitu. Aliuliza kwa sauti ya mtu anayetaka kwenda zake:

"Huyu ni baba mdogo wenu. Mnakaa naye hapa, siyo?"

Swali lile lilikuwa mlango, na lilikuwa wazi. Ramadhani alifungua mdomo. Mimi nikamtangulia.

"Si baba mdogo wetu. Halali hapa. Hajalala hapa hata siku moja. Analala kwenye chumba cha mafayamani na mke wake, na jina lake ameliandika kwenye nyumba ya baba yetu."

Karani alishusha macho kwenye faili lake. "Binti," alisema, "umesoma mpaka darasa la ngapi?" Akamgeukia Okello. "Ssebo, bwana, unasemaje?"

"Amesema kweli," Okello alisema.

Shangazi Hadija ndiye aliyenielewesha, palepale, kwa Kinubi, lugha yetu ya nyumbani, huku akilifunga begi lake tupu kwa hasira. Dereva akifa, nyumba hurudi ofisini ndani ya mwezi. Tulikuwa tumekaa mle miezi mitano. Nilidhani nani ametuweka? Okello alichukua nyumba kwa jina lake, akabaki kubanana na mkewe kwenye chumba kimoja cha cheo chake cha zamani, akatuachia sisi vyumba viwili, na shangazi alijua tangu mwanzo kwa sababu yeye ndiye aliyemwomba. Hawakuniambia kwa sababu mtoto asichokijua hawezi kukisema. Hicho ndicho kilikuwa kimetulinda sote katika mji ule, na ndicho kilichotuangusha.

Tulipewa siku saba. Okello alishushwa kutoka treni ya barua, akapelekwa kwenye injini ndogo ya kupanga mabehewa pale stesheni, inayokwenda mbele hatua mia na kurudi nyuma hatua mia. Halima alipewa dereva mwingine, mwenye mlio mkali mmoja tu, kama mtu anayefukuza kuku. Siku ya saba Okello alikuja na mkokoteni. Nilidhani amekuja kuchukua kilicho chake. Alibeba mikeka yetu mitatu, akatupeleka kwenye kile chumba kimoja, ambako mkewe alikuwa amekwisha tundika shuka katikati. Tuliishi humo watu watano, mwaka mzima na zaidi, sisi upande wa dirisha. Chini ya paa moja, kama nilivyoahidi. Alileta sukari, na sikuionja kwanza. Lakini sikuweza kumwita baba mdogo. Nilikuwa nimemkana mbele ya watu, na kila nilipotaka kusema, neno lilinishinda. Kwa hiyo sikumwita chochote. Nilisema "chakula tayari" nikitazama ukuta.

Jioni moja mle chumbani Zubeda ndiye aliyenifumbulia la mwisho, lile la mlio, bila kujua. Alikuwa akilalamika kwamba treni haimwiti tena. Nikamuuliza treni ilimwita lini. Akasema siku ya mazishi, mimi nikiwa jikoni na wanawake, alimshika Okello suruali akamuuliza sasa nani atatupigia honi. Okello alimwambia: mimi.

Jumuiya ya nchi zetu tatu ilipovunjika, reli ya pamoja ikagawanywa. Kuhusu Halima nimesikia mambo mawili, kwamba alivutwa mpaka Nairobi na kwamba alikatwa akauzwa chuma chakavu, na sijui lipi la kweli. Okello na mkewe walirudi kwao kaskazini, na vita vya miaka iliyofuata vikafunga njia na habari. Wakati huo tulikuwa tumekwisha simama wenyewe kidogo. Leo Zubeda ni muuguzi, Ramadhani ni polisi anayekaribia kustaafu, anakaa Naguru, na mimi nina meza yangu ya makawa sokoni Owino, si mbali na reli. Treni za mizigo bado hupita siku moja moja. Honi yao ni ya umeme, inabonyezwa kwa kidole, na inalia vile vile, yeyote anayeibonyeza. Wauzaji wenzangu wanasogeza bidhaa zao bila kuinua kichwa. Mimi huinua, kisha najiona mjinga. Hakuna njia ya kujua nani yumo ndani.

Tabia ile ya kushuku sijaiacha. Mteja akinisifia kazi, nachungulia anataka nini. Kwa hiyo mwaka huu Ramadhani aliponiambia kwamba polisi mwenzake aliyehamishiwa Kitgum amemwona mzee mmoja aliyekuwa wa reli, anaitwa Okello, nilisema Okello ni wengi. Akaniambia mzee huyo alipomsikia polisi yule akitaja Nsambya, au tuseme alipoisoma midomo yake, aliuliza kama mtoto wa Halima alipona kikohozi. Zubeda alikuwa na kikohozi mwaka ule.

"Kuisoma midomo?" nilimuuliza.

"Dada, hasikii. Masikio yalikufa zamani, kwa zile injini."

Nimemsukia kawa kubwa kuliko yote niliyowahi kusuka, jekundu, na pembeni nimeweka vidoti vya njano mahali zilipokuwa zile skrubu za injini. Liko chini ya meza, nimelifunga kwenye gazeti. Jioni, nikishafunga meza, husimama mbele ya kioo kidogo cha mwenzangu anayeuza mapambo, nalitamka lile neno lililonishinda, polepole, bila sauti, nione kama linasomeka mdomoni. Basi la Kitgum huondoka kila asubuhi. Bado sijalipanda.