Tope la Kibati

Mimi si mtu wa subira. Hata uji naunywa ungali unachemka. Ndiyo maana fundi wa magari wa mtaa wa Mabanga, aliyenibadilishia kardani mara mbili, alinisema bila kunionea haya: "Wewe papa, si barabara inavunja kardani. Ni muguu yako."

Kardani ni ule mtaimbo unaopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Kwetu, chini ya tope kuna mawe ya volkano. Gurudumu likizunguka bure kwa kasi, kisha likang'ata jiwe ghafla, mtaimbo hukatika. Dawa yake ni kushusha mzigo, kuweka gia ya nguvu na kwenda polepole. Polepole! Neno hilo linaniwasha mwili.

Siku tulipokimbia vita kutoka Kalengera, nilipakia majirani kumi katika gari langu aina ya Jeep, na mama yangu mbele, miguu imemvimba. Karibu na Kibati barabara ilizibwa na watu, mbuzi na magodoro. Nikachepuka, nikakutana na dimbwi la tope. Nyuma yetu mabomu yalilia. Nikawaambia washuke wote, wazunguke kwa miguu.

Hakuna aliyeshuka.

"Ukivuka utatuacha hapa," alisema mwanamke mmoja.

Nilimjibu matusi ambayo siwezi kuyaandika. Mama akafungua mlango, akashuka, akakaa juu ya jiwe.

"Mutoto mwenye nilizaa, mi namujua," akasema. "Avuke. Mi nabakia na nyinyi."

Ndipo wakashuka.

Nilivuka nimeuma meno, mguu ukitaka kukanyaga mafuta, nami nikiuzuia. Kardani ikashika. Upande wa pili ardhi ilikuwa kavu na njia nyeupe. Bomu likaanguka karibu zaidi. Mguu ule ule nilioushinda topeni ukakanyaga mafuta. Nilikwenda labda mita mia moja kabla sijapiga breki.

Walinifikia wakihema, wamembeba mama.

"Muliona?" mama akawaambia. "Alisogea mbele ili tupate fasi muzuri ya kupandia."

Yule mwanamke alinitazama kwenye kioo mpaka Goma. Mama alikufa akiamini hivyo. Nami nilimwacha aamini.