Majike wa Ziwa Lililokauka

Mtaani walimwita Mama Samaki, ingawa samaki wenyewe hakuwauza wala hakuwala. Aliwatunza kwenye matangi ya vioo, katika chumba cha nyuma cha kituo cha utafiti, na ukimtania kwamba ananuka shombo, alikujibu kuwa wewe unanuka uvivu.

Tangi la kulia lilikuwa na samaki wa ziwa la juu. La kushoto, wa ziwa la chini. Zamani sana, kabla hata bibi wa bibi yake hajazaliwa, lilikuwa ziwa moja. Mchanga ukajaa katikati, samaki wakatengana. Juu maji yalikuwa maangavu, na majike wakapenda madume wa buluu. Chini kulikuwa na tope, buluu haionekani, wakapendwa wenye manjano. Kizazi baada ya kizazi, kila upande ukashika njia yake. Halafu ziwa la chini likakauka. Waliobaki duniani kote ni wale wa tangi la kushoto.

Kosa lake lilikuwa la mtu wa kazi. Ukitaka kunyonya uchafu kwa mpira, unazima kwanza mashine ya hewa ili tope litulie. Siku hiyo alizima ya tangi la kushoto, akaanza kunyonya, simu ikalia: binti yake ameshikwa na uchungu, na hali si nzuri. Alitupa mpira, akatoka mbio. Binti alijifungua salama, mtoto wa kike. Ile mashine aliikumbuka asubuhi, akiwa amempakata mjukuu, na roho ikamruka.

Alikuta majike wako juu, wakihema kwenye uso wa maji. Madume walikuwa wamekufa wote chini, kila mmoja juu ya kiota chake cha mchanga. Dume wa samaki hao haachi kiota, hata hewa ikimwishia. Ujinga gani huo, jamani! Lakini ndivyo walivyo.

Hakuficha. Alimwendea mtafiti, kijana wa rika la binti yake.

“Mwanangu, nimewaua.”

“Mama, ungemwacha binti yako?” Mtafiti akamvutia kiti. “Bado kuna njia. Tuwawekee majike madume wa tangi la kulia. Wakizaa, watoto watakuwa machotara, lakini damu ya ziwa la chini itabaki.”

“Na wakikataa?”

“Basi si jamaa moja tena. Watakuwa wameshakuwa aina mbili.”

Ndipo Mama Samaki akawa mshenga. Alipunguza taa, akaongeza taa, akasawazisha mchanga. Dume wa buluu alitandaza mapezi, akacheza, akatetemeka mwili mzima. Majike wakampa kisogo.

“Mnaringa nini?” aliwagombeza. “Mnamngoja nani?”

Miezi ikapita. Hakuna jike aliyesogea.

“Mama, sasa tuna uhakika,” mtafiti alisema, akijaribu kuifunika furaha yake. “Ni aina yao peke yao.”

“Yaani tumewajua leo, na leo ndiyo wanakwisha?”

Mama Samaki alilia palepale, bila haya. Kila alipombeba mjukuu alijua kwamba kama angeitwa tena siku ile, angekimbia tena, na hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Majike walizeeka, wakafa mmoja mmoja, akabaki mmoja. Asubuhi moja alimkuta mashavu yamemvimba. Jike wa samaki hao hulea mayai mdomoni, na hali kitu mpaka yaanguliwe. Huyu alikuwa ametaga peke yake na kuyakusanya yote, mayai ambayo hakuna dume aliyeyarutubisha.

Mama Samaki alinyunyiza chakula kidogo. Jike alikitazama kikishuka mbele yake, akaubana mdomo.