Tawi Moja ya Manemane

Mimi hapana mutu wa kuonaka mashetani. Ninauzishaka sombe, majani ya muhogo, na maharagi hapa Mususa, mu Butembo, ninaenda misa ya kwanza kila siku ya Mungu, na batu benye banasemaka walikutana na mutu bila kichwa ku barabara, nilikuwa ninabacheka mbele ya macho yabo. Donc kama unataka kucheka, cheka sasa, tumalize. Yenye nitakuambia niliona na macho yangu, muchana, saa tisa, mvula ikinyesha, mu parcelle, kiwanja ya mama yangu. Na ushahidi iko. Iko anakaa pa mulango sasa hivi tunapozungumuza.

Bwana yangu anaitwa Kambale. Tulikuwa na shamba ya cacao upande wa Mutwanga. Siku moja batu wakaanza kukimbia. Unajua vile inakuwaka kwetu, hauulizi nani anapiga masasi, unakimbia. Kambale alikimbia na mupanga ku mukono, akaanguka mu mufereji, na ile mupanga ikamuingia ku muguu, chini ya goti. Alijikata mwenyewe. Hakuna adui mwenye alimugusa, na hiyo inamuuma mpaka leo.

Motari mumoja, mutu wa pikipiki, alitubeba mpaka Butembo, tukakaa kwa mama yangu. Kidonda ikakataa kupona. Mwezi moja, miezi tatu, miezi mitano. Sindano, bandeji, tena sindano. Batoto wetu wakaanza kula inje juu ya harufu, na Kambale alikuwa anasikia vile wanabeba sahani zabo wanatoka. Docteur wa hopitali, mutu wa Kasai mwenye Leta, serikali, ilimutuma huku, mupole sana, akaniita pembeni. Akasema, "Mama, tungoje wiki tatu. Kama ile weusi inapanda, tutakata juu ya goti. Bila hivyo atakufa."

Sasa niambie wewe. Mutu wa jembe bila muguu, atafanya nini? Kambale hakusoma. Hajui biashara, hata mbuzi akienda kuuzisha banamudanganya. Yeye anajua udongo tu. Aliniambia, "Mama Masika, wakikata, muniache kule kule hopitali, nife." Na hakuwa anacheza.

Sasa tuje ku muti. Shemeji yangu, bwana ya dada yangu, anaendeshaka camion, lori kubwa. Anapita Kasindi, anavuka Uganda, anafika mpaka kaskazini ya Kenya, kule inchi ni muchanga, mawe na ngamia. Wakati kidonda ilikuwa na mwezi moja, alitoka kule na fimbo moja yenye miiba, ndefu sawa mukono, kavu, ungesema ni kuni. Akasema, "Shemeji, hii ni manemane. Ile ya Biblia, yenye walimuletea mutoto Yesu. Batu wa kule wanakata ngozi yake, inatoa machozi, wanangoja ikauke, wanapakaa ku bidonda ya ngamia na ya batu. Mvula hawaionaka mwaka muzima na muti inaishi. Panda tu."

Nilicheka. Kisha nikapanda. Na nilipanda vizuri, sawa mama yangu alinifundisha: shimo kubwa, mbolea ya mbuzi, karibu na migomba, na mayi asubui na mangaribi. Mayi ya kuoshea sombe, mayi ya kuoshea mchele, yote ilienda pale. Fimbo ikatoa majani, ikatoa matawi ine. Nikamushukuru Mungu. Mais kisha miezi kidogo majani ikageuka manjano, na ngozi ya chini ikakuwa laini, ukifinya inaingia. Mimi nikafanya nini? Nikaongeza mayi. Muti mugonjwa unaipatia kunywa, njo vile tunajua sisi batu wa milima. Nani hapa Butembo alishaona muti inakufa juu ya kunywa sana?

Siku ile docteur aliniambia wiki tatu, nilirudi nyumbani. Mvula kubwa ilikuwa inanyesha. Na mimi, mu ile mvula, nikachukua bidon ya mayi nikaenda nyuma ya nyumba kunywesha muti. Hapo utaona akili yangu ilikuwa wapi.

Mutu alikuwa anakaa ku jiwe, karibu na muti.

Mutu murefu, mwembamba, kitambaa ya rangi ya udongo ku bega. Sikumujua. Niliwaza ni mukimbizi, juu parcelle yetu haina lupango ya kuifunga na batu wanapitaka. Nikamusalimia Kinande, luga yetu, hakujibu. Nikamusalimia Kiswahili, akaitika. Kisha nikaona kitu. Mvula ilikuwa inapiga migomba, inapiga manjanja, mabati ya nyumba, inanipiga mimi mpaka ndani ya nguo. Yeye alikuwa mukavu. Nywele kavu, kitambaa kavu, na ku vidole ya muguu alikuwa na vumbi nyeupe. Vumbi, mu ile matope yetu. Uniamini, nilisimama pale nikaangalia ile vumbi sijui wakati gani.

Kwetu mugeni hakai bila kunywa. Hata kama unaogopa, unamupatia. Nikakimbia ndani, nikachota kikombe ya mayi, nikamunyoshea na mikono miwili. Akajirudisha nyuma sawa umemuonyesha moto.

"Mwanamuke, hapana mayi," akasema. "Umeninywesha ya kutosha."

Akainua kitambaa juu kidogo. Muguu zake, kutoka ku kifundo mpaka katikati, zilikuwa manjano, zimevimba, laini, sawa za mutu mwenye walimutoa mu mayi kisha siku tatu. Na harufu yake niliijua. Ilikuwa harufu ya kidonda ya bwana yangu, na ilikuwa pia harufu ya chini ya ile muti, yenye nilikuwa ninasikia kila asubui na ninajifanya siisikii.

Hapo nilielewa. Usiniulize namna gani. Kikombe ilianguka.

Akaongea polepole, hakukasirika, na hiyo ilikuwa mubaya kuliko kelele. Akasema nimutoe mu mbolea, nimuweke mu muchanga na mawe, chini ya manjanja, mvula isimufikie. Akasema machozi atanipatia, juu anajua mugonjwa wangu. "Unakata ngozi kidogo, unangoja ikauke. Mikono tatu ni yako, umalize. Ile ya ine, yenye inaangalia kule jua inatokea, uniachie. Njo hiyo nitaishi nayo. Uniapie."

Niliapa. Rozari ilikuwa ku shingo yangu, nikaishika, nikaapa kwa jina ya Bikira Maria. Hakuna mutu mwenye alinilazimisha.

Mama yangu akaita kutoka jikoni, "Unaongea na nani mu mvula?" Nikageuka kumujibu. Nikarudisha macho, jiwe tupu. Nikaenda kuigusa. Mvula ilikuwa inanyesha juu yake, na ilikuwa kavu, na moto.

Ile mangaribi nilichimbua muti na mikono. Mizizi nusu ilikuwa imeoza, inatoka sawa ndizi yenye imeiva sana. Nikakata yenye iliharibika, nikaweka muti mu fûti, pipa ya zamani yenye nilijaza muchanga wa maçon, ya kujengea, na mawe kidogo, nikaiweka chini ya lipande ya manjanja. Mama akauliza kama nimepata wazimu. Nikamuambia ndiyo. Kisha siku kidogo ngozi ikakauka, ikakaza. Nikakata tawi ya kwanza na kisu. Machozi yakatoka manjano, yakasimama, yakakuwa mekundu na magumu. Nilingoja, na kungoja kule kulinikula moyo, juu ya zile wiki tatu. Nikasaga, nikachemusha, nikamuosha Kambale, nikamupakaa. Asubui nilikuwa ninamupeleka ku hopitali kwa bandeji sawa kawaida, sikuacha hata siku moja.

Wiki ya tatu harufu ilikuwa imepungua. Docteur akafungua, akaangalia, akafinya. Akasema, "Mimi nilibadirisha dawa. Wewe sijui unafanya nini, na sitakuuliza. Tungoje tena mpaka siku ya kwanza ya wiki yenye inakuja." Nilirudi nikicheka peke yangu ku barabara. Batoto wakarudi kula ndani.

Mais ile mikono tatu ilikauka. Nilikata mpaka ku mbao, hakutoka kitu. Na kidonda ilibaki ndogo, sawa kifuniko ya chupa, katikati kabisa. Siku ya posho, ile ya mbele ya siku ya Mungu, nikafungua bandeji, nikaona weusi imerudi pembeni. Kidogo, sawa uzi. Kambale pia aliona. Akageuza uso ku ukuta.

Nikaenda nyuma ya nyumba na kisu ya sombe.

Nilishika ile tawi ya ine, yenye aliniambia nimuachie. Ilikuwa na majani mapya, madogo, ya kijani sana. Nikasema kwa sauti, "Mugeni wangu, unisamehe, nitakata kidogo tu." Unaniangalia namna gani? Wewe ungefanya nini? Ungeingia ndani umuambie bwana yako, muguu yako iende, juu niliapia kijiti?

Nilikata kidogo. Kisha nikakata tena. Machozi ilikuja mingi, na hayakuwa manjano tena. Yalikuwa meupe, mepesi, sawa ya mutu. Sikungoja ikauke. Niliyakusanya mu kiganja, nikakimbia nayo, nikamupakaa yakiwa bado na moto.

Siku ile docteur alitupatia, akafungua bandeji, akaita ba infirmières, benye banafungaka bidonda, bote waje kuona. Ngozi ilikuwa imefunga. Shemeji alinunua kasiksi, pombe ya ndizi, dada yangu akaimba, Kambale akatembea kutoka kitanda mpaka mulango na kurudi. Mangaribi nikaenda kuangalia muti. Ilikuwa rangi ya majivu. Niliigusa, ikavunjika mu mukono sawa makala ya jiko ya zamani. Nikafagia, nikatupa, sikumuambia mutu.

Ile wiki Kambale hakunywa mayi. "Sina kiu," anasema. Tuliwaza ni dawa. Wiki ya pili pia hakunywa. Kisha mvula ikaja, na yeye alikuwa inje anapasua kuni. Akaingia polepole, anatembea na muguu zake zote mbili, na shati yake ilikuwa kavu. Mama yangu alifanya alama ya musalaba, akatoka mu chumba. Padri alikuja, akamunyunyizia mayi ya baraka. Nilikuwa pale. Niliona matone yanaenda, na sikuona yanafika.

Asubui ninakuta vumbi nyeupe mu kitanda, upande wake. Ninafagia kila siku.

Mwaka ule mama yake alikufa Beni. Kambale alikuwa mutoto wake wa pekee, alimupenda mpaka batu walikuwa wanamucheka. Tulisimama ku kaburi, bote wanalia, na yeye anajisugua macho, anajisugua mpaka yanakuwa mekundu. Akanishika mukono, akaniambia ku sikio, "Mama Masika, ninataka kulia. Unisaidie." Nitamusaidia na nini? Machozi nilishaichukua, nikaimaliza ku muguu yake.

Analima hapa Butembo. Batu wananipongeza, wanasema wewe ni bibi wa kweli, ulimuokoa bwana yako. Ninaitika. Yeye sijamuambia kitu.

Wiki yenye ilipita alirudi ku shamba, vumbi imemupanda mpaka ku magoti. Nikaleta beseni nimuoshe muguu, sawa zamani. Nikainama. Sauti yenye ilitoka juu ya kichwa yangu haikuwa yake.

"Mwanamuke, hapana mayi. Umeninywesha ya kutosha."

Kambale hajaniitaka mwanamuke hata siku moja. Niliinua macho, alikuwa ananiangalia bila kukasirika.

Kama uko na mugonjwa, umupeleke ku hopitali, upande miti yenye unataka, uombe Mungu. Mais usimuapie mutu kitu yenye unajua siku ya shida utamunyanganya. Mimi nimeungama mara tatu. Padri ananiuliza kama ninajuta, na kila mara ninanyamaza, juu ile kisu ya sombe iko jikoni, na mukirudisha ile siku ya posho, nitaenda kuichukua tena.