Niliyoyaongeza Msibani kwa Maduhu

Nakumbuka, mwanangu, siku tuliyomzika Maduhu kule Misungwi. Miaka ile viwanda vya Nyakato vilikuwa vinauzwa, nasi vijana wa mashineni tukipunguzwa kazi. Maduhu alipunguzwa kabla yangu, akaugua malaria, akafia hospitalini mimi nikiwa pembeni yake. Wenzetu wakaniambia, "Wewe ndiye uliyekuwa naye. Utatusemea."

Nilifurahi. Ndiyo, mwanangu, msibani nilifurahi. Nikaazima shati, nikasimama mbele ya watu, nikaanza na soko huria na ubinafsishaji, maneno niliyoyaokota redioni, ilhali wazee wengi pale walielewa Kisukuma zaidi ya Kiswahili. Nikasimulia nilivyombeba mgongoni, nilivyogombana na muuguzi. Nilipoona watu wananitazama, utamu ukanizidi, nikaongeza: eti Maduhu aliniambia nimemfaa kuliko ndugu yake wa tumbo moja. Hakusema hivyo. Shija, kaka yake, akainamisha kichwa. Jua lilichoma, nami naendelea tu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Baada ya maziko nikaenda kumpa pole mama yao.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanitazama. "Nimekaa juani nimsikie mwanangu. Nimekusikia wewe. Yeye hakusema kitu?"

"Alimwita Shija, mama. Mara mbili. Akasema, kaka, nipe maji."

"Na lile la ndugu?"

"Niliongeza."

Hakunifokea. Alisema tu, "Uliliongeza mbele ya watu. Kaliondoe mbele ya watu."

Nikasimama tena mbele ya watu, nikazungumza kwa Kisukuma changu cha kubabaisha. Nikasema nilidanganya, nikasema alimwita nani na aliomba nini. Basi. Shija, ambaye hata kaburini hakutoa chozi, alikaa chini kwenye udongo akalia kama mtoto, na mama yake akaenda kukaa naye.

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Ukipewa nafasi ya kusema, jiulize kwanza watu wamekuja kumsikia nani. Sema kwa lugha yao. Usiongeze chumvi kwenye jambo la mtu asiyeweza tena kukukanusha, maana anayeumia ni aliyebaki hai. Na ukishalisema la kweli, kaa chini, hata kama bado wanakutazama.

Mungu akupe ulimi mwepesi wa kweli na mzito wa majivuno, na wanaokusikiliza waondoke na amani.