Nani Anamlisha Kijino?

Wifi yangu anaishi kwa kutafuta makosa. Kiwandani, wanakoshona mashati, meza yake ni ya mwisho kabisa kwenye mstari, chini ya taa nyeupe kali, na hakuna shati linalokunjwa kabla halijapita mikononi mwake. Analivuta kola, analigeuza ndani nje, anapapasa mishono, anahesabu vifungo. Akiona uzi mmoja umechomoza, shati linarudi lilikotoka. Wenzake wamembandika jina la Darubini. Siku niliyolisikia nilicheka mpaka nikapaliwa, maana mimi ni dada wa mumewe, naishi naye nyumba moja, na kwa miaka tisa nilikuwa namtafutia jina kama hilo bila kulipata.

Akirudi jioni, hata kabla hajavua viatu, atafunua sufuria, atachungulia, atanusa, atafunika. "Nani kapunguza hiki?" Maji ya kunywa anayainua kwenye mwanga kwanza. Simlaumu sana. Yeye ni kifungua mimba wa watoto sita, na mama yao alipofariki alikuwa na miaka kumi na tatu. Aliwapikia wadogo zake wote, na mpaka leo hula akiwa amesimama, kwa mazoea ya kuwagawia wengine kwanza. Kisha akaolewa na mdogo wangu, fundi wa majokofu, wakakaa miaka mitano bila mtoto. Alipozaliwa msichana, tulimshika wote watatu kwa pamoja na hakuna aliyetaka kumwachia mwenzake. Tulimwita Kijino, kwa sababu alikaa na jino moja la mbele kwa miezi minne, akicheka nalo hivyo hivyo.

Mimi sikujaliwa mtoto. Nalisema wazi, sina haja ya kulizunguka. Nafuma masweta ya shule kwa mashine, chumbani kwangu uani, na tangu Kijino aache kunyonya ni mimi ninayeshinda naye. Akilala, analala kwenye kapu langu la nyuzi. Akiamka, jina la kwanza kuita ni Shangazi. Hilo wifi alilijua, na sidhani kama lilimfurahisha.

Taabu ilianza alipotimiza miaka mitatu na nusu. Kijino aliacha kula. Wifi alikuwa amebandika ratiba kwenye mlango wa jiko, mistari imepigwa kwa rula: Jumatatu viazi vya kuponda na yai, Jumanne wali laini na maharage yaliyochujwa, Jumatano tambi na karoti iliyokwaruzwa, na kuendelea. Vyakula vyepesi, vya dakika ishirini, hata mimi nilikubali kimoyomoyo kwamba ni vizuri. Lakini nikimwekea mtoto sahani saa mbili asubuhi, anafumba mdomo. Mchana anageuza kichwa. Jioni, mama yake akiwa mbele yake na kijiko, anateremka kitini na kwenda zake kucheza na vibanio vya nguo.

"Unampa nini mchana?" wifi akaniuliza.

"Kilichoandikwa mlangoni."

"Una hakika?"

Mnasikia swali hilo? Mtu mzima mwenzangu ananiuliza kama nina hakika! Kuanzia siku ile na mimi nikafungua macho.

Haikuchukua wiki. Nilikuwa namwaga taka, nikaona chini kabisa ya ndoo furushi dogo la gazeti, limekunjwa kwa ustadi, pembe kwa pembe. Nani anakunja takataka namna ile kama si mtu anayeshinda akikunja mashati? Nikalifungua. Maganda ya mayai. Kesho yake nikakuta mengine. Na ratiba ilisema yai ni Jumatatu tu, na siku hiyo ilikuwa Alhamisi.

Nikakaa na maganda yale mapajani nikapiga hesabu zangu. Mtoto hali. Mayai yanaisha. Mtu anayaficha maganda. Basi ni nani anayekula mayai ya mtoto kwa siri, kama si yule aliyeandika ratiba ili sisi wengine tusiyaguse? Nilimfuata mdogo wangu pale uani alipokuwa anafunga baiskeli.

"Mke wako anakula chakula cha mtoto," nikamwambia.

Akanitazama kama mtu aliyemeza kokwa. "Dada, hebu acha maneno hayo."

"Nimeyaona maganda kwa macho yangu mawili."

Alishika njia akaenda. Nikasema moyoni, huyu naye ana lake.

Alikuwa nalo kweli, na wifi aliliona kabla yangu. Karakana ya mdogo wangu iko mitaa miwili tu kutoka nyumbani, na kila siku saa sita alikuwa anakuja kumchukua Kijino "akaone majokofu." Sasa jioni moja wifi akaushika mkono wa shati la mumewe, akaunusa kwa namna yake ileile ya kazini.

"Fundi wa majokofu gani ananukia mdalasini?" akauliza.

"Mteja alinipa chai."

"Na unga huu kwenye kiwiko? Mteja alikupa na unga?"

Mdogo wangu akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho asubuhi. Usiku ule, na siku nne zilizofuata, wifi alimwandalia mumewe chakula bila kumkaribisha, na kila mtu ndani ya nyumba alijua amewaza nini: kuna mwanamke mahali fulani anayepika vitu vitamu. Na mimi, kwa ubaya wangu, nikafurahi kidogo. Nikaona, tonge la kushukiwa sasa analionja na mwingine.

Furaha yangu haikudumu. Jumapili, tukiwa tumeketi, wifi akaweka mbele yangu maganda matatu ya ndizi, yamekauka, meusi.

"Haya nimeyatoa nyuma ya mashine yako ya kufumia."

Nikayasukuma kando. "Nilikula ndizi. Kula ndizi ni dhambi siku hizi?"

"Ndizi zilikuwa za mtoto, na mtoto hali. Wifi, sitaki kugombana. Nimeongea na mama mmoja anayelea watoto karibu na kiwanda. Kijino anaanza kwake Jumatatu ijayo. Ijumaa tunampeleka kliniki kwanza, wamwangalie kama ana ugonjwa."

Alisema taratibu, bila kupaza sauti, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilirudi chumbani nikakaa mbele ya mashine, mguu ukagoma kukanyaga. Jumatatu ijayo kapu la nyuzi lingekuwa na nyuzi peke yake. Nililia, na nikiwa nalia nikamlaani yule mwanamke, nikasema moyoni kwamba anakula mayai ya mwanawe halafu mimi ndiye ninayenyang'anywa mtoto.

Ijumaa wifi akaomba ruhusa kazini, tukaenda wote watatu. Hakuna aliyekubali kubaki, maana kila mmoja aliogopa kitakachosemwa nyuma ya mgongo wake. Muuguzi alikuwa mwanamke mnene wa makamo, kalamu imechomekwa kwenye nywele. Akamvua Kijino viatu, akampandisha kwenye mizani, akaitazama kadi, akamteremsha, akampandisha tena.

"Mmesema huyu hali chakula?"

"Miezi miwili sasa," wifi akajibu. "Asubuhi hali, mchana hali, jioni hali."

"Mbona ameongeza kilo moja na nusu?"

Tukatazamana. Muuguzi akatupitishia macho mmoja mmoja, polepole, kisha akachuchumaa mpaka uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Hebu niambie, mama mdogo. Huwa unakula nini?"

Kijino hakusita hata kidogo. Akainua kidole kimoja. "Yai la bafuni."

"Yai la bafuni?"

"Mama ananipa nikioga. Tunafunga mlango." Kidole cha pili. "Mkate wa yai wa Shangazi. Kwenye kapu." Akafikiri. "Na ndizi. Na papai." Akageuka akamtazama baba yake aliyekuwa tayari ameugeukia ukuta. "Na vichapati vya Baba. Baba anapika kwenye friji iliyokufa."

Kumbe mdogo wangu alikuwa ameweka jiko dogo la umeme juu ya jokofu bovu kule karakanani. Anaponda ndizi mbivu kwa uma, anavunja yai, anatia vijiko viwili vya unga na mdalasini kidogo, anakaanga vichapati vya ukubwa wa kifuniko cha chupa. Mwanamume ambaye nyumbani hajawahi kuchemsha maji! Na wifi, kabla sijaamka, saa kumi na moja na nusu, alikuwa anamlisha yai na kiazi kitamu akiwa ndani ya beseni, huku bomba limefunguliwa nisisikie. Na mimi, basi, nimeshatajwa. Mkate nilikuwa nauchovya kwenye yai na maziwa, naukaanga, naukata vijiti vya kushikika mkononi. Nilikuwa nampa saa nne, pamoja na kipande cha papai, na saa kumi na moja jioni nampa uji mzito wa ndizi, nusu saa kabla mama yake hajaingia mlangoni.

"Kwa nini?" muuguzi akauliza. "Mnamficha nani?"

"Niliona chakula anachopewa mchana na huyu wifi yangu hakimshibishi," wifi akasema.

"Niliona hao wawili wanagombana, mtoto atakufa na njaa," mdogo wangu akasema.

Ikabaki zamu yangu. Nikasema, "Niliona mama yake hamjali."

Ni neno lililonitoka kabla sijalipima. Muuguzi akaandika kwenye kadi, kwa sababu alihitaji mahali pa kutazama, nadhani, kisha akasema tumpumzishe mtoto. Kesho, asubuhi mpaka mchana, maji tu. Hakuna kumfuata na sahani. Asubiriwe mpaka aombe mwenyewe.

Njiani mdogo wangu akaropoka, kama kawaida yake anapotaka kusuluhisha. "Unaona sasa, mke wangu? Na Dada alidhani wewe ndiye unayekula yale mayai!"

Wifi akasimama katikati ya njia. Mtu wa mkokoteni akampigia mluzi apishe, hakusikia.

"Mimi?" akaniambia. "Mimi nile chakula cha mtoto?"

Nimeishi na mwanamke huyu miaka tisa. Nimemwona akila makoko ya sufuria kwa kusimama ili nyama ibaki kwa wengine. Miaka yote tisa nimemsema kwa macho yake makali, na ya kwangu hayakuliona jambo hilo lililokuwa mbele yake. Nilitaka kumwambia nisamehe. Badala yake nikasema eti tuharakishe, jua ni kali. Nilijichukia.

Jumamosi tulikaa watatu sebuleni tangu saa moja asubuhi, tukilindana. Yeyote aliyeinuka, wawili walimfuata kwa macho. Mdogo wangu alikwenda msalani, wifi akamkagua mifuko. Mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu, nasema kweli, maana ilikuwa inajiendea yenyewe kuelekea jikoni. Kijino alicheza na vibanio vyake. Saa mbili. Saa tatu. Akanywa maji. Saa nne akaja kwenye kapu, akachungulia, akakuta nyuzi, akarudi. Saa nne na nusu wifi alikuwa anang'ata kidole chake.

"Tumpe hata kidogo," akanong'ona.

"Amesema tusimfuate," nikanong'ona.

Saa tano na dakika kumi, Kijino aliacha vibanio sakafuni, akaja akasimama katikati yetu, tumbo mbele, mikono kiunoni.

"Nina njaa," akasema.

Miaka mitatu na nusu, na ilikuwa mara ya kwanza tulisikie neno hilo kinywani mwake. Hatukuwa tumempa nafasi ya kulisema. Mdogo wangu aliinuka, mimi nikainuka, wifi akainuka. Kisha mimi nikaketi. Sijui nilipata wapi nguvu za kuketi. Nikamvuta mdogo wangu shati, naye akaketi.

Wifi alileta viazi vya kuponda na yai moja, akaviweka mezani. Kijino alipanda kitini mwenyewe, akashika kijiko mwenyewe, akala. Hakuinua kichwa. Akala mpaka kijiko kikaanza kugonga sahani tupu, akasema, "Tena."

Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni na hayafuti. Mdogo wangu alikwenda kuongeza viazi. Nikaona hapo ndipo pangu, nikasema, "Wifi, nisamehe."

Alimfuta mtoto mdomo, akavuta kiti, akaketi, mara ya kwanza nimwone ameketi wakati watu wanakula.

"Jumatatu," akaniuliza, bila kunitazama, "utampikia nini?"