Siku Mke Wangu Aliponiita kwa Jina

Wakuu wa bweni, mwadila.

Leo ukurasa ni wangu. Sheria ya daftari letu mnaijua: mwenye jambo anaandika, wenzake wanajibu chini yake, na mwalimu akilikamata kila mtu anasema si lake. Keshokutwa tunafunga shule, na mimi nina jambo limenikaa kooni tangu ile likizo ya katikati ya mwaka.

Nitaandika kama lilivyokuwa, hata pale linaponiumbua. Shija alikuwa na mimi safari nzima ya likizo ile, na kitanda chake ni cha pili kutoka mlangoni. Nikiongeza chumvi, anisute hapa hapa.

Sasa. Mmenisumbua muhula mzima kuhusu ile kaniki niliyofunikia sanduku langu. "Mabula, nguo ya kike ya nani hiyo?" "Mabula kaoa kimya kimya." Nkwabi alifikia hata kuinusa. Nkwabi, nilikuvumilia, lakini siku ile ulikuwa karibu mno na ngumi yangu.

Ni ya mke wangu. Haya chekeni, mkimaliza msome.

Mke wangu aliitwa Milembe. Alikuwa mama yake baba. Ninyi Wasukuma wenzangu mmeshaelewa, ila humu bwenini kuna watoto wa mjini ambao wazee wao walitoka pwani, kwa hiyo naeleza kidogo. Kwetu bibi na mjukuu wa kiume ni mume na mke kwa utani. Bibi yangu hakuwahi kuniita mjukuu. Tangu naota meno niliitwa "mume wangu". Nikirudi na ng'ombe jioni: "Mume wangu kachoka, mpeni maziwa." Nikivunja chungu: "Mume gani huyu, namrudisha kwao!" Nami namjibu, "Mke mwenyewe huna hata meno, nani atakuoa tena?" Nyumba nzima inaangua kicheko, hata baba, ambaye si mtu wa kucheka ovyo.

Kwa jina langu aliniita mara moja tu katika utoto wangu wote. Niliacha ng'ombe wakaingia kwenye mtama wa jirani, halafu nikasema uongo kwamba walikata kamba. Bibi alisimama uani akasema, "Mabula." Hivyo tu. Baba alikuwa na fimbo mkononi lakini sikuiogopa fimbo, niliogopa lile jina. Maana kwetu mtu wa utani akiuweka utani chini, ujue jambo limekuwa zito.

Hilo mlikumbuke, nitalirudia.

Basi, mwaka umeanza, nimepanda standadi ya tano, nimevimba kichwa. Nasema ukweli, nilivimba. Nilikuwa naandikia watu barua pale sokoni siku za Jumamosi, wanaume wazima wananiita "mwalimu". Mtu ukiitwa mwalimu na mwenye ndevu, unaanza kuamini.

Kutoka hapa Shinyanga hadi kwetu, upande wa Mwakitolyo, ni mwendo wa siku mbili kwa miguu. Habari za nyumbani zilikuwa zinaletwa na katekista wetu, Petro, ambaye kila mwezi huja misheni hapa mjini. Ni mtu mpole mpaka anachosha. Anafika, anasimama pale kwenye ua wa shule ameshika kofia, namwamkia, "Shikamoo katekista," anajibu "Marahaba," kisha anatoa salamu zote kwa utaratibu kama anasoma litania.

Salamu za bibi ndizo zilizokuwa zinamtesa. Bibi alikuwa anamtuma maneno ya utani, na yeye anaona haya kuyatamka.

Mwezi wa pili alikuja akasema, "Bibi yako anasema... lile neno lake silisemi. Anasema anakufa, uje umzike."

Lile neno ni "mume wangu". Lakini mimi nilisikia "anakufa" tu. Sikuomba hata ruhusa. Nilitoka mbio na kaptula ya shule, nikalala njiani kwa watu nisiowajua, siku ya pili nikafika kwetu miguu imevimba.

Nikamkuta bibi amekaa kwenye ngozi yake anabambua karanga. Akaniangalia kuanzia vidole vya miguu. Akasema, "Marehemu ana njaa. Mume wangu, nenda ukateke maji tupike."

Loo! Majirani walicheka wakashika mbavu. Nami nilicheka, nisiseme uongo. Nikamwambia, "Mke wangu, siku ukifa kweli sitakuja, nitaoa mwingine siku hiyo hiyo." Akasema, "Utakuja. Wewe nani kakuruhusu kuniacha?" Akanifungia michembe ya kurudi nayo, ile mliyoila hapa mkasema kwetu viazi vinakaushwa vizuri.

Niliporudi hedimasta alinipa viboko sita kwa utoro. Mbele ya shule nzima, mwalimu wa sokoni mimi, nimeinama. Shija alihesabu kwa sauti. Viboko vile ndivyo vilivyoniharibu. Niliapa sitadanganywa tena na kikongwe.

Ikafika likizo. Wote mnakumbuka homa ya Geita ilivyotushika. Kila aliyetoka huko alikuwa na hadithi: mtu kachimba choo kakuta dhahabu, mtu kamchinja kuku kakuta chembe kwenye firigisi. Shija akapata nafasi kwa Mzee Sefu, yule mfanyabiashara wa chumvi na nguo mwenye motokaa ya mizigo. Tungepanda bure, kazi yetu kupakia na kushusha. Likizo nzima Geita! Nani angekataa?

Siku mbili kabla ya kuondoka, katekista akaja. Kofia mkononi kama kawaida. Nikamwamkia. Akatoa salamu za baba, za mama, za shangazi. Halafu akasema:

"Bibi Milembe amesema, mwambieni Mabula aje."

Wakuu, yasomeni tena maneno hayo. Mimi niliyasikia kwa masikio yangu, mchana kweupe, na hayakunigusa popote.

Nilifikiri nini? Nilifikiri katekista amelifyeka lile neno kwa haya zake, kama mwezi wa pili. Nikajijazia mwenyewe. Nikamuuliza huku nacheka, "Anakufa tena?"

Akasema, "Amesema hivyo tu."

Nikamjibu, naandika kwa kuwa niliahidi kweli: "Mwambie mke wangu asife bila ruhusa yangu. Naenda Geita, nitamletea kaniki mpya. Akifa kabla sijafika, kaniki namvisha mwingine."

Katekista aliniangalia. Akavaa kofia yake, akaenda.

Shija alinisukuma bega akasema, "Kikongwe wako huyo, mchezo hauishi." Simlaumu Shija. Yeye hakuitwa.

Geita sitawachosha nayo. Vumbi jekundu mpaka kwenye meno. Watu wa kila kabila, Wasumbwa, Wazinza, Wanyamwezi, sisi. Mashimo kila mahali, na wanaume wazima wamechutama kando ya maji wakitikisa karai lenye tope, wanatikisa, wanamwaga, wanatikisa. Siku ya tatu nikaoneshwa dhahabu yenyewe. Punje, wakuu! Ndogo kuliko mbegu ya ulezi. Nilicheka nikasema, hii ndiyo inayoacha mashamba ya watu na magugu?

Nilikaa wiki tatu. Nilifurahi, siwezi kuficha. Niliwasomea wachimbaji barua zao, wakanipa sifa. Barua nyingi zilikuwa na maneno yale yale: rudi, mama anakuulizia. Nilizisoma kwa sauti nzuri ya shule, nikafika mwisho, nikasema, "Haya, mwingine." Katika barua zote zile, sikuwahi kumkumbuka wangu.

Mzee Sefu aliniuliza siku moja tukishusha magunia, "Kwenu uliaga, mwanangu?" Nikasema niliaga. Akasema, "Vizuri. Mtu akiaga, hata njia inampenda." Nikaitikia, "Naam, mzee," nikabeba gunia.

Kaniki niliichagua dukani kwake. Nyeusi ya kushiba, bado ina ule ung'avu wa nguo mpya. Niliikunja nikaiweka chini kabisa ya mzigo isiingie vumbi. Njiani nilikuwa natunga maneno nitakayomwambia bibi, na najibu mwenyewe atakavyosema, nacheka peke yangu. Shija shahidi.

Motokaa ilitushusha njia panda. Shija akaenda kwao, mimi nikatembea siku nzima. Nilipotokea kwenye uzio wetu wa minyaa ilikuwa jioni, na baba alikuwa amekaa nje.

Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa.

Nikamwangalia kaka yangu mkubwa aliyekuwa anakata kuni, naye amenyolewa. Mama akatoka jikoni, kitambaa kimefungwa kwenye upara. Hakuna aliyehitaji kuniambia kitu. Mzigo niliushikilia tu, sikujua niuweke wapi.

Baba akasema, "Umefika."

Mama ndiye aliyelia. Mimi machozi yaligoma, yalikuja baadaye na yalikuja vibaya.

Sasa niwaeleze kilichoniua zaidi ya kifo chenyewe. Kwetu bibi akifa, mjukuu wake wa utani ndiye huziba mlango. Wanaume wakitaka kutoa maiti, yeye anasimama pale kizingitini amenyoosha mikono: "Mke wangu hatoki! Nirudishieni mahari yangu kwanza!" Wanamtukana, anawatukana, wanampa kuku, anasema kuku gani huyu kakonda hivi, mke wangu alikuwa mnene. Watu wanacheka na kulia kwa pamoja. Ndipo anapisha. Hivyo ndivyo mtu wa utani anavyoagwa.

Walinisubiri. Tangu asubuhi mpaka jua likapinduka walinisubiri, wakitumaini nimeghairi Geita na niko njiani. Binamu yangu alijitolea asimame yeye. Baba akakataa. Alisema, "Mume wake ni mmoja."

Bibi yangu, aliyechekesha kijiji kizima miaka yote, alitolewa kimya. Mama anasema zilisikika nyayo za wabebaji tu.

Kesho yake nilikwenda kwa katekista. Nilikwenda na hasira, Mungu anisamehe. Nilitaka kumwambia kosa ni lake, yeye na haya zake. Nikamuuliza bila hata shikamoo, "Kwa nini hukusema lile neno? Kwa nini ulilificha?"

Akaniambia nikae. Akasema, "Mwanangu, sikuficha kitu. Siku ile nilimwona alivyokuwa, nikamwambia, Mama, leo nitalisema lile neno lako, nitasema 'mumeo'. Akakataa. Akasema, 'Hapana. Mwite kwa jina lake. Atajua.'"

Atajua.

Nikamuuliza jibu langu alilifikisha. Akasema alilifikisha lote, maana ndiyo kazi aliyotumwa. Nikamuuliza bibi alisema nini. Hakutaka kusema, nikamlazimisha.

"Alisema, 'Hakusikia.' Kisha akaomba tumgeuze upande wa ukutani."

Nilitoka pale nikaenda kaburini. Udongo ulikuwa bado haujakaa. Nikasimama nikanyoosha mikono, mtu mzima mimi, nikasema, "Mke wangu hatoki. Nirudishieni mahari yangu." Nilisema mara tatu. Hakuna aliyenitukana, hakuna aliyeniletea kuku. Hapo ndipo machozi yalipokuja.

Kaniki nilimpa mama, akakataa kuigusa. "Hiyo ina mwenyewe," akasema. Shangazi naye akakataa. Ndiyo maana nimerudi nayo shule, ndiyo maana imefunika sanduku, na ndiyo maana siku Nkwabi alipoinusa nilitoka nje nikakaa nyuma ya jiko mpaka kengele ikalia.

Wazee wanasema majuto ni mjukuu. Mwaka huu mjukuu mwenyewe ni mimi.

Nimejifunza nini? Kusoma najua, ripoti yangu inasema nimekuwa wa pili darasani. Kusikiliza sijui. Mtu wa kwenu akibadilisha namna anavyokuita, wakuu, acha ulichoshika umuulize kuna nini. Usimjazie maneno yako. Ukikuta ni mchezo, umepoteza siku mbili na ngozi ya makalio. Viboko sita vinapona, mimi vyangu vilipona kwa wiki moja.

Nimeacha nusu ya ukurasa hapa chini. Mwenye la kusema aliandike, na mwenye kunilaumu anilaumu, nimekaa tayari. Nkwabi, kwako sina kinyongo, hukujua. Shija, kama nimekosea popote sahihisha.

Ila tukishafunga shule keshokutwa, mwenye bibi aliye hai anifanyie jambo moja. Ukifika nyumbani usimwamkie haraka ukapita. Simama kwanza pale mlangoni kwake, unyooshe mikono uuzibe, umwambie hatoki mtu. Akutukane mpaka achoke.

Wangu alipita mlango mtupu.